Mchunga wa Mama Mkwe

Mwezi huu niliahidi kuandika kuhusu zawadi za kumpa mwenza wako bila kukausha mfuko. Naomba radhi, mada hiyo itasubiri. Kilichonikuta Mbeya nimeshindwa kukiweka pembeni, na mwenye kisa, yaani mume wangu, ameniruhusu kukiandika kwa sharti moja tu: nisimtaje jina wala timu anayoshabikia. Haya, sitaji.

Kisa chenyewe kilianzia jikoni kwetu Dar. Siku hiyo natafuta mdalasini, nikakuta nyuma ya kopo la unga wa lishe pakiti ya majani ya chai ambayo sikuinunua mimi. Pakiti ya kijani, ya kupendeza kweli, ina picha ya ua la njano na maandishi ya Kiingereza: inasafisha damu, inasafisha ini, inasafisha figo, inashusha presha. Bei imebandikwa: shilingi 25,000. Jamani! Kwa majani ya chai? Nikamuuliza mzee wangu. Akajibu bila kuniangalia, "Ni ya tumbo tu hiyo, mama. Dandelioni."

Si unajua tena sisi wanawake. Mtu akijibu huku anaangalia pembeni, kengele inalia kichwani. Lakini kengele yangu ilikuwa inalia kwa jambo jingine kabisa, nitakuja kulisema.

Wiki mbili baadaye tukapanda basi kwenda kumsalimia mama mkwe, Soweto ya Mbeya. Kwa msiojua, si ile ya Johannesburg. Ni mtaa wa mjini Mbeya, jirani na Mwanjelwa, kando ya barabara kuu inayokwenda Tunduma hadi Zambia. Kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 800: Mikumi, mlima Kitonga, Iringa, Makambako, mpaka unashuka miguu imevimba na baridi inakupiga kofi. Mbeya iko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mimi mtoto wa Pwani huwa nalala na soksi.

Asubuhi mama mkwe akanipa bakuli. "Twende tukachume mboga, mwanangu." Nikajua tunakwenda sokoni. Wapi! Tukazunguka nyuma ya nyumba, pembeni ya mfereji na mahindi, akainama akaanza kuchuma majani ambayo mimi ningeyang'oa nikayatupa. Ukikata jani linatoa utomvu mweupe kama maziwa. Maua madogo ya njano. Yakikomaa yanakuwa manyoya meupe, ukipuliza yanaruka.

Mume wangu alikuwa anapiga mswaki mlangoni. Alipoyaona yale maua akaja mbio na povu mdomoni. "Mama! Hii si ndiyo dandelioni? Nimenunua pakiti Dar elfu ishirini na tano, kumbe ipo hapa bure!"

Mama akamtazama kama anayemtazama mtoto aliyeanguka. "Huo ni mchunga, baba. Umeula tangu una meno mawili."

Mimi nimesomea mawasiliano, si mimea, kwa hiyo nilipopata intaneti nikaanza kuchimba. Wote wawili walikuwa karibu na ukweli. Mchunga na dandelioni ni wa ukoo mmoja, ukoo wa alizeti, na ndani ya ukoo huo wako kwenye tawi moja la mimea yenye utomvu mweupe, pamoja na saladi ya majani tunayoweka kwenye baga. Jina la mchunga watu wanaliita kwa majani zaidi ya moja. Wataalamu wanaouandika mchunga huwa wanamaanisha Launaea cornuta, lakini Sonchus, nduguye mwenye majani yenye vimiba pembeni, naye anaitwa hivyo hivyo sehemu nyingi. Dandelioni ya kwenye pakiti ni Taraxacum officinale, mtoto wa Ulaya na Asia. Kuitofautisha ni rahisi: dandelioni hutandaza majani yake chini kabisa, kisha kila ua linasimama peke yake juu ya kikonyo kitupu chenye tundu ndani, hakina jani wala tawi. Mchunga una shina lenye majani na matawi, na maua kadhaa juu.

Wazungu nao hawakuanza jana na mmea wao huo. Jina lenyewe limetoka kwenye Kifaransa, maana yake jino la simba, kwa sababu ya meno ya pembeni mwa jani. Lakini Wafaransa wenyewe sokoni wana jina jingine, na tafsiri yake ni kikojozi. Sicheki, ni kweli! Kwa karne nyingi wamekunywa majani yale ili wakojoe, wakiamini yanapunguza maji mwilini. Majani machanga wanayala kama kachumbari, mizizi wanaikaanga na kuisaga badala ya kahawa. Warusi nao, miaka ya 1930 na 1940, walilima aina yake nyingine ili wapate mpira wa kutengenezea matairi kutokana na ule utomvu wa mizizi. Hebu fikiria, gugu la bustanini.

Na mchunga? Ukanda mzima wa Pwani, kuanzia Mombasa na Kwale kwa Wadigo mpaka Tanga na Unguja, mchunga ni mboga inayoheshimika. Huko wanaupika kwa tui la nazi. Kama dawa, watu wameutumia kwa tumbo, minyoo, homa, na siku hizi wengi wanautaja kwa sukari. Ndiyo maana mtu mwenye sukari au presha hakosi jirani wa kumwambia, "Chemsha mchunga, kunywa maji yake, tupa vidonge."

Hapo kwenye "tupa vidonge" ndipo palipotukuta sisi.

Lakini kwanza mchana ule. Mama aliosha majani, akayakatakata, akayachemsha mara moja tu na kumwaga maji. "Wengine wanachemsha mara mbili mpaka uchungu wote umeisha," akasema, "sasa wanakula nini?" Akakaanga kitunguu na nyanya, akatia mchunga, akamalizia kwa karanga zilizotwangwa. Chumvi kidogo sana, nikadhani amesahau. Tukala na ugali na parachichi la hapo hapo uani. Tonge la kwanza nilikunja uso. La tatu nikaanza kuelewa. Kufika la sita nilikuwa nafuta sahani. Uchungu wake si wa kukera, ni kama wa kahawa isiyo na sukari: unakuamsha.

Baadaye niligundua kwamba mama, bila kusoma popote, alikuwa anafuata mambo yanayokubalika kitaalamu. Majani ya kijani kama haya yana kambalishe, yana madini kama potasiamu na chuma, yana ile rangi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Rangi hiyo mwili huipokea vizuri zaidi kukiwa na mafuta kidogo, ndiyo kazi ya zile karanga. Na ukichemsha na kumwaga maji mara mbili tatu, unamwaga pamoja na uchungu sehemu ya potasiamu na vitamini C. Mwenye upungufu wa damu akamulie limau juu yake, chuma kinaingia vizuri zaidi. Chai ya rangi aiache kwanza, asinywe pamoja na chakula. Hata Arusha, pale Tengeru, kuna kituo cha utafiti wa mboga cha kimataifa ambacho kimefanya kazi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mboga zetu za asili ni moja ya kazi zake kubwa. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba ni chakula cha maskini.

Basi bwana, jioni ile mama akatoa kipimo chake cha presha, kile cha kufunga mkononi. Yeye ana presha miaka mingi, kila jioni anapima na kuandika kwenye daftari la shule. Akapima yake: 132 kwa 80. Akanipima mimi: 118 kwa 76. Akamwita mwanawe.

"Mimi niko fiti, mama."

"Kaa hapa, baba."

Kipimo kikasoma 172 kwa 108.

Mama hakusema kitu. Alimwacha akae dakika tano, miguu chini, mkono mezani, akapima tena. 170 kwa 106. Ndipo akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Wewe umeijua hii tangu lini?"

Mpenzi msomaji, mimi nilikuwa nimekaa pale na kikombe changu nikisubiri mume wangu aseme, "Sijui, mama." Akasema, "Miezi sita."

Miezi sita! Kazini kwao walipimwa afya, akaambiwa ana presha, akapewa vidonge. Akavimeza wiki mbili, akavifungia kwenye gari. Akanunua pakiti ya ua la njano.

Mama akainuka. "Naenda kufungia kuku," akasema. Kuku walikuwa wameshafungiwa.

Sasa nakuja kwenye ile kengele yangu. Miezi yote ile, mume wangu alikuwa amebadilika chumbani. Anachelewa kulala, anasinzia kwenye kochi, nikimgusa anasema kachoka. Nikafanya alichofanya kila mtu: nikajua kuna mwanamke. Nikapekua simu yake. Sijivunii, lakini mara nne nimeipekua. Nilikuwa nimeshampata hadi mtuhumiwa, dada mmoja wa watu kazini kwao ambaye hana kosa lolote duniani zaidi ya kutuma picha za kuchekesha kwenye kundi la ofisi. Dada, popote ulipo, nisamehe.

Kumbe mwenzangu alikuwa ameambiwa kijiweni kwamba vidonge vya presha vinaua nguvu za kiume. Wiki ya pili ya dawa, usiku mmoja mambo hayakwenda. Usiku mmoja tu! Akaogopa. Akaacha dawa, lakini woga ukabaki, na kila usiku woga ule ukaleta matokeo yale yale. "Nilidhani nikikwambia utaniona mzee," alisema. "Baba alikufa kwa kiharusi, unajua. Sikutaka uanze kuniangalia kama mgonjwa."

Nililia. Kisha nikakasirika. Kisha nikakiri habari ya simu, na yeye akakasirika. Mama alikaa na kuku wake saa nzima.

Asubuhi tulikwenda hospitali wote wawili, na nimeuliza maswali mpaka daktari akacheka. Naandika hapa niliyoyaelewa, kwa sababu najua wako wengi mnaosoma huku pakiti imefichwa nyuma ya kopo.

Kwanza hilo la nguvu za kiume, maana najua ndilo mlilolirukia. Si uongo mtupu. Baadhi ya dawa za presha, hasa baadhi ya zile za kuongeza mkojo na zile za kupunguza mapigo ya moyo, zinaweza kuleta tatizo hilo kwa baadhi ya wanaume. Lakini kijiweni hawakumwambia nusu ya pili: presha yenyewe isiyotibiwa inaharibu mishipa ya damu, na mishipa hiyo ndiyo inayofanya kazi hiyo. Kwa hiyo anayeacha dawa ili kulinda ndoa anaweza kuwa anaibomoa taratibu. Na dawa za presha ziko za makundi mengi. Moja ikikusumbua unarudi kwa daktari unasema wazi, unabadilishiwa. Unarudi, bwana, huifichi kwenye gari!

Halafu hili la chai. Je, dandelioni inakojosha kweli? Kuna utafiti mdogo uliochapishwa 2009, watu 17 tu, walikunywa dondoo la majani yake kwa siku moja, na saa chache baada ya kipimo cha kwanza walikwenda chooni mara nyingi zaidi. Basi, ni watu 17 na siku moja. Kutoka hapo mpaka kuandika kwenye pakiti "inashusha presha" ni safari ndefu kuliko ya Dar hadi Mbeya. Mchunga nao umepimwa maabara na kwa panya, pamoja na kwa upande wa sukari, na kuna matokeo ya kutia moyo. Lakini panya hana mke wala mkopo wa benki. Kwa binadamu hakuna ushahidi wa kutosha wa kumfanya mtu aache dawa yake.

Simaanishi tuzidharau tiba za asili. Muhimbili wana taasisi yao ya tiba asilia inayofanya utafiti huo, na tangu 2002 nchi ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala, na baraza la kusajili waganga na dawa zao. Mtu akikuuzia unga kwenye chupa isiyo na lebo, muulize usajili. Ila tukumbuke pia Samunge, Loliondo, mwaka 2011: maelfu kwa maelfu walipanga foleni kwa kikombe cha shilingi 500, na miongoni mwao wako waliorudi nyumbani wakaacha dawa za hospitali, hata ARV. Wapo tuliowazika. Nilimfahamu mmoja.

Na wako ambao hata kwenye mboga wanatakiwa waulize kwanza. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama warfarin, majani ya kijani yana vitamini K inayopingana na dawa hiyo. Si kwamba asile, bali asile kilo leo na kesho asiguse, kiwango kiwe kile kile na daktari ajue. Mwenye matatizo ya figo, potasiamu nyingi inaweza kuwa hatari kwake, na baadhi ya dawa za presha nazo huipandisha. Mwenye mawe kwenye nyongo asiguse chai za dandelioni bila ushauri. Na tafadhali, usichume mboga kando ya barabara kuu wala kwenye mtaro wa maji machafu. Wa mama unaota kwenye mfereji wa maji ya mvua, nilikagua mwenyewe.

Kilichobaki daktari alikisema haraka, na mnakijua: chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, hesabu na ile ya kwenye chipsi na mchuzi wa pakiti, kitambi kipungue, pombe ipungue, tembea. Mume wangu alitaka kubishania pombe. Nikamwangalia.

Siku ya kuondoka mama alinipa fungu la mchunga limefungwa kwenye jani la mgomba, na akanivuta pembeni. Nikajua atanisema kwa habari ya simu, maana nyumba ile kuta zake zina masikio. Badala yake akafungua pochi, akatoa kipande cha vidonge vyake. "Hivi nameza saa moja asubuhi, kila siku ya Mungu," akasema. "Mchunga nakula mchana. Baba yake alikuwa anakula mchunga tu."

Sasa ni wiki ya tatu. Kipimo tumenunua, kiko mezani sebuleni mgeni yeyote akione. Alibadilishiwa dawa baada ya kumweleza daktari ukweli wote, na mimi nikiwa kwenye kiti cha pembeni nimemshika mkono. Jana usiku ilisoma 138 kwa 88. Mambo mengine yanarudi taratibu, na hayo siyaandiki, sharti ni sharti. Ile pakiti ya elfu ishirini na tano tunaimalizia wikiendi kama chai ya kawaida tu. Si mbaya, ina ladha ya majani makavu.

Mbegu nimezipanda kwenye ndoo kibarazani. Sijui kama mchunga wa Soweto utakubali joto la Dar. Tuonane mwezi ujao, na zile zawadi.